Dakika za Nyongeza za Refa Kipenga

Watu walimwita Kipenga. Jina lake halisi mkewe peke yake ndiye aliyelitumia, tena siku akiwa amekasirika. Siku za kazi alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, na mwishoni mwa juma alikuwa refa. Kwenye vioo hakuwa na sifa yoyote ya ajabu. Uwanjani ndiko alikoogopwa, kwa sababu moja tu: akipuliza kipenga cha mwisho, mchezo umekwisha, hata kama mpira uko hewani unaelekea golini. Mashabiki waliwahi kumfukuza mpaka mlangoni kwake kwa ajili hiyo. Aliingia, akafunga komeo, akaenda kula.

Basi kati ya watu wote, huyo ndiye ambaye kupe alimchagua.

Mpira ulikuwa umepotelea kwenye majani marefu nyuma ya goli, wachezaji wakawa wanasukumana nani aufuate, na Kipenga, ambaye hakuvumilia mchezo kusimama, akajipenyeza mwenyewe. Jioni alimkuta kupe amemganda nyuma ya goti. Akamng'oa kwa kucha kama mtu anayetoa uzi kwenye suruali, akasahau. Baadaye ikaja homa, yakaja majasho ya kulowesha shuka, viungo vikamuuma mpaka akashindwa kushika kisu cha kukatia vioo. Hospitalini wakampima damu na kumwambia kwamba kupe yule mmoja alikuwa amemwachia magonjwa mawili kwa mpigo.

Daktari wake alikuwa mama mtu mzima, mtaratibu, miwani imening'inia shingoni. Alimweleza kwamba antibiotiki alizomwandikia zingeua vijidudu vya ugonjwa wa kwanza. Vya ugonjwa wa pili hazingevigusa, hivyo vina dawa zake. Kipenga alielewa vizuri sana. Alikuwa na swali moja: mpaka lini? Daktari akasema wa kwanza wiki tatu zinatosha, na wa pili watapima damu tena, kisha waone.

Hilo neno "tuone" lilimkaa kooni kama mwiba. Mtu mzima, amesoma miaka yote hiyo, anakwambia tuone! Na alipofika nyumbani mambo yakazidi kuharibika, maana kila aliyekuja kumpa pole alikuja na muda wake mkononi. Shemeji yake dereva wa malori aliapa kwamba anamjua mtu aliyemeza vidonge hivyo mwaka mzima ndipo akapona. Mama mkwe akasema homa ikishuka tu aache, ataunguza tumbo bure. Muuzaji wa duka la dawa akaukata muda wa daktari nusu nzima, bila hata kuuliza anaumwa nini. Kipenga aliwasikiliza wote akiwa amekunja uso, akatamani mfuko wake wa kadi uwe karibu.

Kilichomtia kiwewe hakikuwa homa. Msimu ulikuwa unakwisha, na kila mwisho wa msimu marefa hukimbizwa kuzunguka uwanja huku saa ikiwahesabia muda. Asiyemaliza mizunguko kabla ya muda kwisha anarudisha beji. Beji ile ameivaa tangu hajaoa.

Akameza dawa zote kama alivyoagizwa, za ugonjwa huu na za ugonjwa ule. Damu ikapimwa, ikaonekana safi. Lakini miguu ilikuwa kama ya kuazima. Akipanda ngazi na kioo begani, katikati anasimama kuhema. Akajiambia dawa haijatosha. Akaenda kwa yule yule muuza dawa, na safari hii bwana yule, kwa kuwa mteja kataka, akaona nyingi ndizo nzuri, akamuuzia. Kipenga akazificha ndani ya soksi kwenye begi la viatu vya mpira.

Ukweli ni kwamba alijifanyia kile ambacho asingemfanyia mtu mwingine yeyote: aliuacha mchezo uendelee mpaka apate goli alilolitaka.

Dawa zile hazipatani na jua. Uso ukambabuka, tumbo likavurugika, na mkewe, mwalimu wa chekechea asiyedanganywa na mtu wa umri wowote, akalimwaga begi sebuleni. Akamwita kwa jina lake halisi. Kesho yake walikuwa wote wawili mbele ya daktari.

"Baba, vijidudu vimekwisha," daktari alimwambia. "Vidonge unavyomeza sasa vinakuumiza tu. Uchovu hubaki nyuma kwa baadhi ya watu, na kuongeza antibiotiki hakuuondoi."

"Utaondoka lini?"

"Pengine miezi. Sijui."

Kipenga akacheka kicheko kikavu. "Daktari, hata dakika za nyongeza zina idadi yake. Kuna mtu anainua ubao, watu wote wanaona."

"Ningekuwa na ubao huo ningeuinua," daktari akajibu, na akamwomba mkewe aondoke na vile vidonge.

Njia nzima Kipenga alitangulia mbele ya mkewe. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakuona wa kumkasirikia.

Siku ya mtihani saa ilishikwa na rafiki yake wa miaka mingi, mshika kibendera aliyesimama naye pembeni mwa viwanja vibovu vya kila aina. Kipenga alianza vizuri. Katikati magoti yakaanza kulalamika. Mzunguko wa mwisho aliukimbia mdomo wazi, vijana wamemwacha mbali, na alipofika kwenye kona, mstari bado uko mbele, alimwona rafiki yake ameshaitazama saa na kuiteremsha haraka nyuma ya paja.

"Njoo, mzee," rafiki yake akamwambia kwa sauti ya chini. "Njoo tu, bado kidogo."

Kipenga akasimama pale pale konani. Akainama, mikono magotini, akasubiri pumzi irudi.

"Muda umekwisha," akasema.

"Hakuna anayetazama, ndugu yangu."

"Nimesema umekwisha."

Akaibandua beji kifuani, akamwekea kiganjani. Rafiki yake aligeuza uso kuangalia goli tupu.

Nyumbani mkewe alimtazama kifuani, hakuuliza alichokwisha kukiona. Alimvutia kiti, akamsaidia kufungua viatu, kazi ambayo siku nyingine asingemruhusu. Kisha akamuuliza taratibu kama atajaribu tena msimu ujao.

"Sijui," alisema Kipenga.

Akashtuka kulisikia neno lile likitoka kinywani mwake. Akaegemeza kichwa ukutani, na kabla kiatu cha pili hakijavuliwa, usingizi ulikuwa umemchukua.