Mdomo wa Papa Radi

Apollinaire alikuwa mdomo wa Papa Radi. Nisikilizeni vizuri: Papa Radi alikuwa shujaa wa filme, mzungu wa koti jekundu aliyeruka juu ya majengo na kushika daraja kwa mkono mmoja. Kifaransa chake kilikwenda mbio, na katika ukumbi wetu wa sinema pale Nyalukemba wachache tu walikifuata. Basi Apollinaire alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akamsemesha Kiswahili. "Muniache nipite! Bibi yangu iko nanigojea na sombe!" Watu, kusikia mzungu akitamani sombe, majani ya muhogo, walicheka mpaka machozi. Filme kumi na moja, miaka tisa. Hata sokoni wamama wa ndizi walimwita Papa Radi, na yeye, masikini, aliitika.

Ile ya kumi na moja iliisha mlima ukimwangukia shujaa. Mkono tu ulibaki nje.

"Alikufa?" watu walilia.

"Iko hai!" Apollinaire akajibu. "Ya kumi na mbili iko njiani."

Njiani wapi! Mwaka ule ule serikali ya Zaïre ilichukua biashara za wageni, ikawapa wananchi. Mgiriki mwenye ukumbi akafungasha, akaondoka na anwani zote za wauza filme. Miaka miwili Apollinaire alirudia zile za zamani zilizokwaruzika, na kila Jumamosi aliulizwa swali lile lile. Viti vikapungua watu. Mkewe, Eulalie, alikuwa na mimba ya tano, naye Apollinaire hakujua kazi nyingine. Alikonda, jamani.

Ndipo bosi mpya aliyepewa ukumbi, citoyen, yaani mwananchi, wa abakosi, lile koti lisilo na tai, iliyopigwa pasi, alipopata barua kutoka Kinshasa: watengenezaji wameachana na Papa Radi, mwigizaji amezeeka. Imekuja filme ya shujaa mwingine, kijana.

"Uwaambie ule wa zamani alikufa," bosi alisema. "Bila vile huyu hawatamupenda. Na kama hawakuji, nafunga."

Afanye nini? Jumamosi alisimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, Papa Radi ametuacha."

Lo, vilio! Maman Adolphine, muuza maandazi wa mlangoni, alijitupa chini. Na kwa kuwa kwetu mtu hafi hivi hivi tu, waliweka matanga uani: moto, pombe ya ndizi ya kasiksi, nyimbo za misa, siku tatu nzima. Apollinaire walimkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, wakampa pole mmoja mmoja. Alifurahi kwa siri, mjinga yule! Aliona kazi imepona.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa pomoni. Shujaa mpya akaruka. Apollinaire akafungua mdomo: "Miye hapa, nimekuja!"

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Watoto wakakimbilia mlango. Adolphine akasimama, akafanya ishara ya msalaba.

"Papa Apollinaire, nyamaza! Ile sauti iko ya marehemu. Tulisha kumuzika."

"Lakini ni miye, maman! Apollinaire!"

"Tunajua ni wewe. Ndiyo maana tunakuomba."

Aliibana sauti, akainenepesha. Ilikuwa ile ile, na kila neno liliongeza kilio. Bosi akamnyang'anya kipaza sauti, akampa Xavier, mkata tiketi. Xavier alikwama kila mahali na hakuchekesha hata kidogo. Watu wakakaa, wakatazama.

Nyumbani Eulalie alimuuliza kama watu walikuja. Apollinaire aliitikia kwa kichwa. Aliogopa kufungua mdomo, marehemu asije akasikika humo ndani pia.