Samaki wa Byabato Aliyebaki Baharini

Shemeji yangu Byabato amekaa Igogo tangu alipohamishiwa Mwanza kuwa mkaguzi wa shule. Amestaafu akiwa hapo hapo, ziwa analiona kutoka dirishani, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuvua hata dagaa. Kwake yeye samaki ni kitu kinachotoka jikoni kikiwa na ndimu pembeni. Mimi ni kaka wa mke wake, Noela, na nakaa chumba cha uani hapo kwake, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona mwenyewe.

Sisi watu wa Kagera tunasemwa kwa majivuno, na mara nyingi tunaonewa. Kwa Byabato hatuonewi. Huyu mtu hata akiumwa, ugonjwa wake lazima uwe umemshangaza daktari.

Balaa lilianza siku ya posa. Mzee Shimba, mfugaji wa Misungwi, alikuja kumposea mwanawe Mayala binti yetu Renatha. Mazungumzo yalikwenda vizuri: Shimba angeleta ng'ombe, tarehe ikapangwa, soda zikafunguliwa. Wakati wa kuagana Shimba akaushika mkono wa Byabato, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama mtu anayekagua ndama mnadani.

"Mkwe," akasema, "mkono huu hauna hata mkwaruzo. Mbali na faili, umewahi kuleta nini nyumbani kwa mikono yako?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Byabato hakucheka. Alisimama, akashusha sauti kama anasoma ripoti ya ukaguzi, akasema, "Siku utakayoleta ng'ombe, mkwe, utakula samaki niliyemvuta baharini kwa mikono hii hii."

Sikuelewa kwa nini aliruka ziwa lililo mlangoni kwake akaenda kuahidi bahari. Baadaye nikakumbuka Cleophace, mwanawe mkubwa, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya wavuvi matajiri, mbali kabisa Bahari ya Hindi. Ni visiwa vidogo vya mchanga vilivyojipanga mviringo, katikati yake maji ya magotini, na hakuna kingine. Wazungu wanalipa fedha za kutisha wakasimame kwenye maji hayo kutwa nzima na fimbo. Kila mwaka hoteli inamruhusu mfanyakazi kumwalika mzazi wake bure, na Cleophace alikuwa amemwalika baba yake mara kadhaa akakataliwa, kwamba huko hakuna ndizi. Safari hii Byabato alijialika mwenyewe.

Aliondoka na deli kubwa la kuhifadhia barafu, tupu. Noela akalisafisha friza, nyama zote zikahamishiwa kwa jirani. Jumuiya yetu ilitangaziwa safari hiyo Jumamosi baada ya sala, na kuna mama mmoja aliweka oda ya kichwa cha samaki.

Siku aliyorudi nilimpokea uwanja wa ndege. Nikapanua miguu, nikaliinua lile deli kwa nguvu zangu zote, nusura nianguke kinyumenyume. Ndani mlikuwa na suruali mbichi na kofia.

"Shemeji, samaki yuko wapi?"

"Mambo hayo hayazungumzwi kwenye maegesho," akanijibu.

Nyumbani akatukalisha sebuleni, akatoa simu. Kweli kabisa, kwenye picha alikuwepo Byabato ndani ya maji, amekumbatia kolekole mkubwa ajabu, mgongo unameta kama sufuria mpya. Noela akapiga vigelegele. Kisha akauliza swali lile lile.

"Nilimrudisha majini," akasema Byabato. "Wavuvi wastaarabu hawaui. Unamkamata, unapiga naye picha, unamshukuru, unamwachia aende zake."

"Mawe!" Noela akamwita mama kwa Kihaya, akashika kichwa. "Umemshukuru samaki, ukamwacha? Na friza langu?"

Kuanzia siku hiyo hatukupumua. Byabato alitengenezesha bango la ile picha, kama yale ya mahafali, lenye maandishi MVUVI WA BAHARI KUU, akalitundika juu ya kochi, karibu kabisa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Aliyeingia kuomba chumvi alitoka na somo la kukamata na kuachia. Alituambia kwamba kula samaki uliyemvua ni ulafi, na alituambia hayo akimalizia mkia wa sangara. Hata ugali alianza kuula kwa kijiko. Nikajua ndiyo ustaarabu wenyewe huo.

Ila kuna kitu kilinisumbua. Mara kadhaa nilimkuta peke yake mbele ya bango, na hakuwa akijitazama mwenyewe, jambo ambalo kwa Byabato si la kawaida. Alikuwa akimtazama samaki. Nilimhurumia, ingawa sikujua namhurumia nini.

Tarehe ikafika. Shimba na wazee wake wakaingia wakiwa na fimbo zao na kofia zao, lakini hatukusikia mlio hata wa ndama. Noela alikuwa amepika ndizi, nyama na sangara wa sokoni. Shimba akatazama sahani zote.

"Mkwe, yupi hapa ni wako?"

Byabato akanyanyuka, akaelekeza bango, akatoa somo lote bila kuruka kipengele. Shimba alisikiliza kofia ikiwa mapajani, kama mwanafunzi mzuri.

"Ulimshika kabisa?"

"Kabisa."

"Na alikuwa mkubwa."

"Kama mbuzi, mkwe."

"Halafu ukamwacha."

"Furaha ni kukamata. Kula ni ulafi tu."

"Wabeja sana," akasema Shimba, ndiyo asante ya kwao. "Leo nimejifunza. Maana habari zilinifikia huko Misungwi kwamba mkwe siku hizi anapenda mambo hayo, nami nikaona nisikuaibishe." Akatoa simu mfukoni, akamkabidhi Byabato kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Hawa ndio ng'ombe wa Renatha. Jana niliwakamata mmoja mmoja, nikapiga nao picha, nikawashukuru. Halafu nikawarudisha malishoni."

Hakuna aliyecheka. Renatha alikuwa mlangoni na jagi la kunawia. Byabato alitazama ng'ombe kwenye simu, akatazama bango, akamtazama binti yake. Akiendelea na somo lake, basi amepokea picha kuwa mahari. Akilikana, amejivua nguo mbele ya wakwe. Mimi niliyekuwa nikingoja kwa hamu siku atakayokosa maneno, ilipofika nilitamani ipite.

"Nilimlilia," akasema.

"Nani?"

"Samaki. Waliponiambia nimwachie nilikataa. Nilikaa chini ndani ya maji nikiwa nimemkumbatia, nikawaambia huyu anakwenda Mwanza, kuna watu wanamngoja. Ikabidi wakamwite Cleophace jikoni. Alikuja mbio na aproni yake, akapiga magoti majini. Akaniambia, baba, ukimtoa huyu nafukuzwa kazi leo hii." Byabato akaligeukia bango. "Nikamwachia. Hata hakugeuka. Nilitaka umle wewe, mkwe. Hapa, kwenye sahani hii. Hayo mengine yote niliyasema kwa sababu nilirudi mikono mitupu."

Nikalitazama tena lile bango. Macho ya shemeji pichani yalikuwa mekundu, na siku zote nilidhani ni chumvi ya bahari.

Shimba akaichukua simu yake, akapiga. "Bado mpo hapo njiani Usagara?" akauliza. "Haya, leteni lori. Na muwateremshe hao ng'ombe taratibu, wasije wakavunjika miguu."

Noela alipiga kigelegele kimoja, kikakatikia katikati kwa kilio. Shimba akasogea kwenye kochi, akaushika mkono wa Byabato kama siku ile ya posa. Byabato akataka kuurudisha, akachelewa. Kiganja kilipogeuzwa tukaona mstari mrefu uliokipasua kutoka kidole gumba hadi upande wa pili, umeanza tu kufunga.

"Mshipi wa ndoano," akasema Byabato kwa aibu. "Waliniambia niuache ukimbie naye. Mimi nikaushika."

Nikakumbuka kile kijiko cha ugali, nikainama chini.

Renatha akasogea na jagi na beseni ili wageni wanawe, akaanza na Shimba kama desturi inavyotaka. Shimba akalisukuma beseni taratibu kuelekea kwa Byabato.

"Anza na baba yako," akasema. "Na usimtie sabuni, kidonda bado kibichi."