Meza ya Mninga na Dawa ya Viatu

Jumanne nilikuwa kwa fundi seremala mmoja wa Mwananyamala, nikisubiri mguu wa kiti changu, bajaji iliposimama na mama mmoja akashuka amekumbatia meza ndogo ya mninga.

"Fundi, mama mkwe anarudi leo kutoka Masasi. Meza hii aliichonga marehemu mumewe. Mie nimeiangushia mchi."

Fundi aliinama, akainusa. "Dada, umeipaka dawa ya viatu?"

"Ya kahawia," alijibu akitazama chini. "Nilidhani itaficha."

"Basi umeiandaa kwenda ofisini."

Aliisugua kwa msasa mpaka dawa ikatoka, akaweka kitambaa chenye maji juu ya kibonyeo, akakandamiza pasi ya moto. Mvuke ukafuka. "Mbao haijakatika, imebonyea tu. Ikinywa mvuke inavimba, inarudi."

Alirudia mara tatu, kisha akampisha. Mama yule alipitisha kiganja, halafu kidole kimoja, polepole, akitafuta mahali alipopajua vizuri mno. Hakupapata. Aliketi juu ya rundo la mbao, akashusha pumzi ndefu.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akakiondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza juu ya meza yetu ya mvule. Chini yake palikuwa na kibonyeo.

"Ngoja nilete pasi," alisema.