Magunia Kumi kwa Kumi

Gideoni Mgaya wa Njombe alikuwa mtu wa maneno machache, mradi usitaje gari lake. Ukilitaja, ujue chai yako itapoa. Lilikuwa pikapu la Shevroleti lenye injini ya silinda nane, moja ya magari waliyoyaacha Wamarekani waliokuja kujenga barabara kuu. Gideoni alianza kwao kama kibarua, akapanda mpaka udereva, na kambi ilipovunjwa akauziwa gari likiwa hoi. Alilifufua mwenyewe. Alilijengea banda la bati kabla hajaezeka jiko, na mkewe Tabea akapika chini ya nyasi zinazovuja huku gari limelala pakavu. Mama wa watu alinung'unika, na mimi namuunga mkono. Lakini ndilo gari lililomwahisha hospitali siku mtoto wao Rejoice alipogoma kuzaliwa, kwa hiyo manung'uniko yake hayakuwa na mzizi.

Makambako aliishi rafiki yake Halfan, mtu wa Kondoa aliyelowea huko, dereva mwenzake wa kambi ileile. Halfan aliambulia Fodi, nalo la silinda nane. Basi hapo ndipo ubishi ulipoanza, na uliendelea mpaka ndevu zao zikaota mvi. Lipi lina nguvu? Walishindana njiani mara nyingi, lakini hakuna aliyekubali kushindwa. Halfan akitangulia, Gideoni atasema mwenzake hakubeba kitu. Gideoni akitangulia, Halfan atasema tairi zake zilikuwa vipara. Wanaume wazima, wenye wakwe, wakinuniana mezani kwa mama ntilie.

Zikaja enzi za ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa milango. Maduka ya Makambako yakafurika spea, lakini zote za magari ya Kijapani. Za Wamarekani hakuna, hata ukienda na dua. Fodi ikawa inalia difu, zile gia za ekseli ya nyuma, Shevroleti ikawa inatembea kwa viraka. Ndipo Halfan akapanda Njombe siku moja, akakaa, akakohoa, akasema lililomleta.

"Gide, haya magari yatatufia mikononi yote mawili. Tuchague moja liishi, lingine liwe spea. Litakalobaki litakuwa letu sote, mimi na wewe."

"Zitaingiliana wapi spea za Shevroleti na Fodi?"

"Mafundi wa Makambako unawajua. Kitakachokataa kuingia kitachomelewa."

Gideoni aliomba muda afikiri. Alikaa siku kadhaa hali chakula vizuri, akizunguka banda la gari kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja: safari hii mashindano yawe ya haki, yasibaki maneno. Wakapanga. Mafuta ya pampu moja. Upepo wa tairi upimwe kwa kipimo kimoja. Kila gari magunia kumi ya viazi, kutoka nyumbani kwa Gideoni pale pembezoni mwa Njombe mpaka soko la Makambako. Tena wabadilishane magari, Halfan aendeshe Shevroleti na Gideoni aendeshe Fodi, ili aliyeshindwa asije akasingizia udereva. Mimi nimesikia mashindano mengi, lakini yaliyopangwa kwa uaminifu namna hii sijayasikia.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na ukungu na manyunyu. Viazi vya Fodi Halfan alikuwa amevinunua dukani mjini, magunia yameshonwa mdomoni, akaja navyo chini ya turubai. Viazi vya Shevroleti vilitoka shambani kwa Gideoni. Tabea na kaka zake walikuwa wameshavipakia na kufunga turubai kwa sababu ya mvua, wakati Gideoni yuko mjini kwenye pampu na madumu ya mafuta. Aliporudi hakulikagua gari lake. Aliogopa hata kulitazama. Alimkabidhi Halfan ufunguo, akapanda Fodi, wakaondoka.

Njia nzima Gideoni alikuwa na vita moyoni. Angeweza kulegeza mguu kidogo tu, na hakuna binadamu ambaye angejua. Hakulegeza. Alitaka mashindano yawe ya haki, basi akakanyaga kwa haki. Kwenye mpando mrefu wa mwisho aliona kwenye kioo Shevroleti ikishuka gia, ikashuka nyingine, mvuke ukafuka kwenye boneti. Alilia pale pale usukanini, mtu mzima, mguu bado umekanyaga mafuta.

Fodi ikafika sokoni kwanza. Shevroleti ikaingia nyuma yake kidogo tu, rejeta inachemka. Halfan alishuka bila kushangilia.

"Limejitahidi, ndugu yangu. Nimelikamua mpaka nikalionea huruma."

Alikwenda kutafuta maji, na Gideoni akabaki amesimama mbele ya boneti, mkono juu ya bati la moto. Nyuma wapagazi walishusha mzigo, wakahesabu magunia kumi huku na kumi kule. Hawakusema zaidi ya hapo, na wangesema nini?

Wiki ile ile gari likafunguliwa. Gideoni alishika spana mwenyewe, hakutaka mwingine aguse boliti ya kwanza. Fundi alipofika ndani ya injini alikuna kichwa. "Mzee, hii mbona nzima?" Gideoni akamwambia aendelee tu. Difu ikaenda kwenye Fodi, springi zikaenda, na bodi ikakatwa na watu wa majiko ya mkaa. Banda la Njombe likawa la kuku.

Mavuno yaliyofuata, Gideoni alitoka kanisani akamkuta Tabea uani anajaza viazi. Magunia ya Njombe mnayajua. Gunia likijaa halishonwi. Linaongezewa kilemba juu, viazi vinapangwa kwa duara kama tofali za kisima, vinafungwa kwa wavu wa kamba mpaka gunia linakaribia kuwa gunia na nusu. Ndiyo lumbesa. Wanunuzi wameizoesha nchi hii, na sasa mkulima asiyefunga lumbesa anaonekana mchoyo.

"Umejaza vizuri," Gideoni alisema, ili aseme neno.

"Haya si kitu, Baba Rejoice. Ungeyaona yale ya siku ya mashindano yenu. Niliamka mapema nikayafunga kwa mkono wangu. Sikutaka watu wa Makambako waseme mume wangu kaja na magunia ya kinyonge."

Gideoni alikaa juu ya kinu kilicholala.

"Yote kumi, Mama Rejoice?"

"Yote. Kaka zangu walitoka jasho kuyapandisha."

Akahesabu kimyakimya. Karibu magunia kumi na tano, kwa kumi ya Halfan yaliyoshonwa mdomoni. Na gari lake lilikuwa limefika nyuma kidogo tu. Kumbe lilikuwa na nguvu kuliko lolote alilowahi kulisifia, nalo sasa lilikuwa limetawanyika kwenye majiko ya watu. Alitamani kupiga kelele. Halafu akaitazama mikono ya Tabea, iliyopasuka kwa kamba za wavu.

"Hivi lile gari lilishindwa kwa nini hasa?" Tabea aliuliza, bado ameinama. "Watu wamenisimulia. Wewe hujawahi kuniambia."

Gideoni alilitazama banda la kuku, mpaka mkewe akainua uso.

"Lilikuwa dhaifu," alisema. "Tangu zamani lilikuwa dhaifu. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi."

"Pole, baba," Tabea akamwambia kwa upole, maana alijua si kauli rahisi kwake. Kisha akamwomba amshikie mdomo wa gunia, naye akainuka akaushika mpaka kilemba kikafungwa.