Fundi Cherehani Kwenye Benchi la Sauti

Katika maabara yetu ya sauti chuoni, hapa Morogoro, mimi na mwenzangu mhandisi tulitengeneza benchi la mbao lenye spika chini yake, ili asiyesikia aipate sauti kwa mwili. Wa kwanza kulijaribu alikuwa fundi cherehani wa Mafiga, kiziwi, aliyekuja na dada yake. Tulimwekea sauti tulizorekodi sokoni jana yake. Akalaza viganja, akatulia, kisha akamwambia dada yake kwa ishara.

“Anasema hiyo ni cherehani, na mkanda wake umelegea,” dada akatueleza.

Mwenzangu hakuamini. Nikampigia simu mwenye cherehani tuliyoirekodi sokoni, nikamuuliza kama mkanda wake ulikuwa umelegea.

“Nani kakwambia?” akashangaa. “Nimeukaza leo asubuhi!”

Nilicheka kwa furaha. Siku hizi kila benchi jipya analipima kwanza yule fundi wa Mafiga.