Arobaini ya Bibi na Wageni wa Jumapili

Bibi yangu alifariki Jumatano, punde tu baada ya sala ya magharibi, nyumbani kwetu Rumonge. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi yangu, na kosa langu lote lilianzia hapo.

Siku zake za mwisho hakusema mengi. Jambo moja tu alilirudia kwa mama, mpaka mama akaapa kulitimiza: "Kwenye arobaini yangu mutu asiondoke na njaa." Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Mgeni akija kwake, bibi alikuwa anamfichia viatu, na viatu havikuonekana mpaka sahani iwe tupu.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya Wadachi, hao Wajerumani, kule Usumbura, nimerudi na cheti kilichofungwa ndani ya kitambaa, nangoja kuitwa bomani niwe karani. Sikuitwa, kwa hiyo nilikuwa na nafasi kubwa ya kuhangaika. Mtu akinisalimia "Amahoro" njiani, nilifika nyumbani bado najiuliza kama nilimjibu kwa sauti ya kutosha.

Mama aliponituma niwaandikie ndugu zetu, mama mdogo wa Gitaza na mjomba wa Kizuka, alisema tu, "Waambie waje arobaini." Mimi nikaona si vizuri kuwaachia watu kazi ya kuhesabu. Nikahesabu mwenyewe kama tulivyofundishwa: Jumatano ya kwanza, Alhamisi ya pili, mpaka ya arobaini ikaangukia Jumapili. Nilirudia hesabu hiyo mara kumi na moja. Nikaandika "Jumapili" kwa wino, nikapiga mstari chini yake.

Mama alikuwa na hesabu yake. Kila asubuhi alitia kokwa moja la chikichi ndani ya kibuyu. Sikumuuliza makokwa yamefika mangapi. Mtu mwenye cheti ataulizaje kibuyu?

Jumapili ile asubuhi mama alikuwa uani anatwanga muhogo, mara tukaona mtumbwi umegusa mchanga. Akashuka mama mdogo, mumewe nyuma yake, halafu shangazi wa mumewe, halafu vikapu. Mama aliuacha mchi ukaanguka, akakimbia ufukweni ameshika kichwa.

"Nani tena amekufa?"

"Ni yule yule, dada," mama mdogo akasema. "Tumekuja arobaini."

"Arobaini iko kesho!"

Kisha wote wakageuka wakanitazama mimi. Nilitamani ziwa linifunike.

"Hata sisi tulihesabu Jumatatu," mama mdogo akasema, "lakini barua ya musomi ilisema Jumapili, na mstari chini. Nani abishane na mstari?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu siku mpya huingia jua likizama. Bibi alifariki jua limeshazama, kwa hiyo kwa mama, kwa mwalimu wa msikiti na kwa mji mzima, alifariki usiku wa Alhamisi. Mimi peke yangu nilimwacha Jumatano, kwa sababu siku ya shuleni inangoja saa sita ya usiku ndipo ibadilike. Nilikuwa nimehakikisha mwisho wa hesabu mara kumi na moja, na mwanzo wake sikuutazama hata mara moja.

Mjomba naye akatokea, amekuja kwa miguu kutoka Kizuka na wanawe wanne na kibuyu cha mawese. Nyumbani hakukuwa na chakula cha watu wote hao. Mbuzi alikuwa wa kesho, mchele wa kesho, muhogo nusu bado uko juani. Nilimwona mama akiwatazama mmoja mmoja, nikajua anafikiria kiapo chake. Wageni wa bibi, na nyungu baridi. Nikaanza kuomba radhi, nikaomba tena, mpaka mama mdogo akanikatiza.

"Wee mutoto, bibi yako alikuwa anakuitaje?"

"Mume wangu," nikajibu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Basi muoneni mjane! Amesahau hata siku aliyofiwa. Angekuwa mwanamke tungemkalisha eda, atulie."

Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. Na mama, ambaye tangu msiba sikumsikia akicheka, alitoa kicheko kimoja kifupi, akaziba mdomo, kikamshinda, akacheka sana huku machozi yanatiririka.

Baada ya hapo hakuna aliyengoja kukaribishwa. Mama mdogo akafungua kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, alizoleta kwa ajili ya khitma, mjomba akamimina mawese, mimi nikapewa mchi. Tukachemsha ndizi za uani na maharage. Ndagala zilipoanza kunukia ndani ya mawese, mama mdogo akasema bibi alikuwa anatia chumvi mwisho, mama akasema mwanzo, wakabishana kwa furaha kama wasichana, kila mmoja akiiga sauti ya marehemu. Tulikula mchana mzima. Sikuwahi kumsikia bibi akizungumziwa hivyo tangu tumzike. Siku zote zile tulikuwa tunanyamaza ili tusimuumize mama.

Lakini ndagala za kesho zilikuwa zimekwisha, na hilo lilinirudisha kwenye wasiwasi. Jioni mume wa mama mdogo aliazima kwa jirani chombo cha kuvulia, na alfajiri akarudi na mikeke, samaki wanono wa ziwani, mingi kuliko ndagala tulizokula.

Jumatatu khitma ikasomwa, mbuzi akaliwa, wali ukaliwa. Nikapita kwa kila mgeni nikimuuliza, "Umeshiba?" Nilipofika kwa mwalimu akashika mkono wangu.

"Mwanangu, nimeshiba. Umeniuliza mara tatu. Ukiniuliza ya nne njaa itarudi."

Nilipogeuka, vyungu vyote vilikuwa vitupu. Nilikuwa nimesahau kula. Mama akakwangua chungu cha wali, akanipa ukoko wote, ule wa chini kabisa, mwekundu wa mafuta. Nikauchukua kwa mikono miwili, nikachuchumaa jikoni nikautafuna, vidole vinaungua.