Mlima wa Kwenye Fulana

Juzi, nikiwa kwenye duka la kuchapa fulana hapa Tukuyu mjini, walikuja akina mama wawili, mtu na mdogo wake, kukagua mchoro wa sare za kumbukumbu ya mama yao. Fundi akawageuzia kompyuta. Kwenye mchoro, Mlima Rungwe ulikuwa unang'aa hadi kileleni.

"Siyo wa kwetu huu," alisema mkubwa. Akaweka kiganja kwenye kioo, akafunika kilele. "Hapa weka wingu."

"Mama, wingu litaficha kazi yote."

"Lifiche. Kwetu Nkunga mama alikuwa akituamsha tunywe uji wingu limeukalia mlima. Ulikuwa wazi namna hii siku tuliyomzika."

Fundi akashika kipanya, akaanza kufuta kilele taratibu, akiweka wingu.

Nilipotoka nje niliinua macho kuutafuta mlima wenyewe. Nikaona wingu tu. Sasa fundi alikuwa amepatia.